Kibao Kilichobaki Kasoli

Mbele ya Mzee wa Masjala neno "halipo" lilikuwa tusi. Ungeweza kumwambia amechelewa, ungeweza kumwambia amefunga vifungo vya shati upande, akacheka na kukushukuru. Lakini ukimwambia mwananchi aliyesimama dirishani kwamba faili lake halipo, Mzee aliweka kalamu chini, akavua miwani, akakuita kwa cheo hata kama cheo hicho hukuwa nacho.

"Ndugu Karani Mkuu. Umetafuta kila mahali?"

"Hapana, Mzee."

"Basi mwambie hujaliona. Hapo utakuwa umesema kweli. Hayo ya kuwa halipo mwachie Mungu, yeye ndiye anayeona makabati yote."

Nilifanya naye kazi miaka sita na neno hilo halikunitoka mdomoni isipokuwa mara moja. Nitaifikia hiyo mara moja. Kwanza nataka aonekane alivyokuwa, maana wanaomsimulia siku hizi mjini Bariadi wanamfanya mtakatifu, na mtakatifu yule alikuwa anaficha sukari.

Aliificha kweli. Ofisi ilikuwa na kopo moja la sukari ya chai, na Mzee alilifungia kwenye kabati la chuma pamoja na mihuri. Ukitaka kijiko cha pili ulieleza sababu. Yeye mwenyewe alikunywa chai ya rangi ya vijiko vinne, akikutazama machoni bila haya. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na suruali zake zilipigwa pasi mpaka zikang'aa magotini. Baiskeli yake aliisukuma zaidi ya kuipanda, na mara kadhaa aliisahau sokoni, akarudi nyumbani kwa miguu na asubuhi akatutangazia kwamba ameibiwa. Mama mmoja muuza uji alikuwa ameshazoea kumhifadhia kwenye banda lake. Mtu aliyejua karatasi yako ililala rafu gani hakujua baiskeli yake iko wapi, na tulipomcheka alijibu kwamba baiskeli haijawahi kupewa namba.

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa kupima mashamba. Enzi zile soko huria lilikuwa limeshatuzoea nasi tumelizoea. Wanunuzi wa pamba walikuwa wengi, kila mmoja na mizani yake, na ardhi ambayo wazee waligawana kwa kuonyeshana kwa fimbo ilianza kutakiwa iwe na karatasi. Wapimaji wetu walikwenda Nkololo, Sapiwi, Kasoli, wakarudi na michoro ya mipaka na mihtasari ya vikao yenye alama za dole gumba. Sisi tulizipitisha karatasi kwenye skana na kuziweka kwenye seva, yaani ile kompyuta moja kubwa ambayo mashine nyingine zote za ofisi huchota mafaili kwake. Masjala ya Mzee, chumba cha mafaili ya karatasi, ilikuwa mlango wa pili. Seva ilipokuja iliwekwa humo humo, kwenye meza iliyokuwa ya mihuri.

Kabla ya hapo alikuwa ametunza masjala ya chama cha ushirika kwa miaka ambayo hakupenda kuihesabu. Chama kilipodhoofika yeye alipunguzwa, na chumba chake kikahitajika kwa kazi nyingine. Siku moja alinunua maandazi mawili sokoni. Alipoyala akaona karatasi aliyofungiwa ni barua ya mwanachama mmoja aliyekwisha kufariki, akiomba mbegu, mwandiko wa mkono, na juu yake namba ya faili aliyoiandika yeye mwenyewe. Aliniambia alisimama pale, mafuta yakimchuruzika vidoleni, akasoma barua yote. Kisha akanunua maandazi yote yaliyokuwa kwenye beseni, kila moja na karatasi yake. Familia yake ilikula maandazi siku tatu.

"Karatasi ulizifanyia nini?" nilimuuliza.

"Nilizianika mafuta yakauke, nikazipanga."

"Kwa ajili ya nani, Mzee? Chama chenyewe hicho hoi."

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anavaa viatu.

Na kompyuta aliichukia. Hilo wanaomtukuza hulisahau. Fundi aliyetoka Mwanza kuifunga seva alikaa siku nne, akaacha kitabu kinene cha Kiingereza na namba ya simu isiyopokelewa. Kwa mwezi mzima Mzee alipita mbele ya ile mashine bila kuisalimia, yeye ambaye alisalimia kila kitu. Wananchi wakifika dirishani ilikuwa mwangaluka, mwangaluka, mhola, mhola duhu, ng'ombe wazima, mvua imenyesha upande wenu, mtoto yule aliyeugua macho anaendeleaje, na foleni nyuma inafika barabarani. Mratibu wetu, kijana msomi mwenye haraka, alimsihi apunguze. Mzee alijibu kwamba mtu aliyetembea kutoka Nkololo hawezi kupokelewa kwa swali la namba.

Kilichombadilisha ni kosa la mashine. Siku moja kompyuta yangu iliandika kwa Kiingereza kwamba faili ninalolitaka halipo, na Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri gundi. Akaniomba nimtafsirie. Nilipomtafsiria akavuta kiti.

"Nani kaifundisha adabu hii?" akauliza. "Yenyewe imetafuta kila mahali?"

Kuanzia siku ile alisoma kile kitabu kurasa mbili kila saa nne, na chai yake ya vijiko vinne, na kamusi. Alichapa kwa vidole viwili mpaka mwisho. Lakini sijaona mtu aliyeielewa mashine ile kama yeye, hata fundi mwenyewe, na nasema hivi bila kumtukuza.

Njia yake ilikuwa moja, na ilichosha. Faili lisipoonekana alisimama, akatoka nje ya chumba, akafunga mlango, kisha akaingia upya. "Twende mlangoni," ndivyo alivyosema. Kwanza, seva iko hai? Tuiite kutoka mashine hii tuone kama inaitika. Pili, imetufungulia mlango, au imetusahau kwenye orodha ya wanaoruhusiwa? Tatu, folda ya juu ipo? Iliyo chini yake? Alishuka ngazi kwa ngazi, akitaja kila folda kwa sauti, na hakukubali kuruka hata moja ambayo una uhakika nayo. "Hizo za uhakika ndizo zinazotuua," alisema. Mwishoni alifika kwenye faili, na tisa kati ya kumi ya hasira zetu ziliishia kwenye kosa la aibu: waya umechomoka, au mtu amehifadhi la Sapiwi ndani ya Nkololo kwa sababu alikuwa anaongea na simu. Kila kisa alikiandika kwenye kaunta buku lake, tarehe, kosa, sababu.

Kosa lililomfurahisha kuliko yote lilikuwa jingine. Mara nyingine mashine haikusema faili halipo. Iliandika kwamba kishikio cha faili kimechacha. Tulicheka sana, tukauliza kama ni kishikio au ugali wa jana. Mzee hakucheka, alisoma wiki nzima. Kisha akatueleza, na maelezo yake ninayatumia mpaka leo ninapofundisha vijana.

"Ng'ombe wako unamwachia jirani akutunzie, si ndivyo? Watu wote hapa wamefanya hivyo. Wewe uko mbali, lakini moyoni unamjua ng'ombe wako, yule mwekundu mwenye doa usoni. Sasa jirani anamchinja, ananunua mwekundu mwingine mwenye doa, anamfunga kamba ile ile mahali pale pale. Ukifika utaambiwa ng'ombe wako huyu hapa. Rangi ndiyo, mahali ndipo. Lakini ukimwita haji, maana siye uliyemwacha." Akagonga seva kwa kidole. "Huyu hamjui faili kwa jina. Anamjua kwa namba aliyompa siku ya kuzaliwa, na mashine zenu zinashika ile namba. Mtu akifuta faili na kuweka jingine kwa jina lile lile, ninyi mmeshika kamba ya ng'ombe aliyekwisha kuliwa."

Halafu vipo vibao. Tangu enzi za ushirika alikuwa na utaratibu wa vibao vya mti, urefu wa kiganja, kila kimoja na jina la mfanyakazi. Ukichukua faili rafuni unachomeka kibao chako pengo lilipobaki. Kila anayelitafuta anajua liko kwa nani. Seva ilipokuja sote tuliamini vibao vimestaafu. Mzee akapigilia misumari ukutani, juu ya kila msumari jina la kijiji, na akaamuru kwamba ukifungua faili la Kasoli kwenye kompyuta utundike kibao chako Kasoli, ukilifunga ukitoe. Mratibu alisema huu ni ushamba. Wafanyakazi wa ofisi jirani walikuja kuchungulia na kucheka. Mimi nilitundika kwa kumheshimu tu, na nusu ya siku nilisahau kukitoa.

Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, na mfukoni alitembea na pingili ya mti aliyopewa na nyanya yake, ambayo hakuna aliyethubutu kuiuliza. Alikuwa mpole kwa wageni na mkali kwa ndugu. Na yeye, aliyetufokea sote kuhusu kutafuta, alikuwa na mtoto wake wa pili aliyeondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu na hakusikika tena. Watu wakimuuliza kwa huruma, alijibu, "Sijamwona bado," kwa sauti ile ile ya dirishani, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilipoelewa hilo niliacha kumcheka kuhusu neno lake. Nyumbani kwake, mkewe aliwahi kuninong'oneza, kulikuwa na kibao kimoja kimetundikwa sebuleni peke yake.

Sasa ile mara moja.

Tulitangaziwa wageni wakubwa kutoka Dar es Salaam, watafika saa nne asubuhi. Kila aliyefanya kazi kwenye ofisi za kwetu anajua maana yake. Mawe ya bustani yanapakwa chokaa, mapazia yanafuliwa, na chochote kisicho na sura kinasukumiwa stoo. Mratibu alitaka hata seva isafishwe, wageni watakapoonyeshwa mafaili waone mpangilio. Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilianza saa moja asubuhi. Nilitengeneza folda mpya, nikanakili ndani yake mafaili ya kila kijiji kwa kufuata orodha yangu ya karatasi, nikafuta folda za zamani, nikazipa mpya majina ya zamani. Folda moja ilikataa kufutika. Ilidai haiko tupu, na mimi nikichungulia sioni kitu. Nikaisukumia ndani ya folda nyingine niliyoiita Mengineyo, kama tulivyosukumia viti vibovu stoo.

Saa tatu mashine za wenzangu zilianza kulalamika, moja baada ya nyingine, kishikio kimechacha. Yangu nayo ilikuwa na dirisha moja lililoganda, halifunguki wala halifungiki. Na hapo hapo dirishani pa ofisi akasimama mama mmoja kutoka Kasoli.

Nilimjua. Alikuwa mjane, mwembamba, kitenge kimoja siku zote. Shemeji yake alikuwa anadai shamba la pamba aliloachiwa na marehemu, akisema ndugu yake hakuwahi kugawiwa, alikuwa ameazimwa tu. Muhtasari wa kikao cha wazee waliomgawia marehemu ulikuwepo, na mchoro, na dole gumba la shemeji mwenyewe. Lakini nakala ya kijiji ilikuwa "imelowa mvua" mikononi mwa mtu aliyekula kwa huyo shemeji. Nakala iliyosalia duniani ni ile tuliyoipitisha kwenye skana wiki ile ile, wapimaji wetu walipopita kabla ya mvua hiyo, karatasi yenyewe ikarudishwa kijijini. Baraza la ardhi lilikuwa linakaa saa nane mchana. Akiwa nayo, shamba lake. Akiwa hana, msimu ule anatoka na watoto wanne.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Nimekuja kuchukua ile karatasi yangu."

Niliingia folda ya Kasoli. Nikatafuta. Nikatafuta tena. Kwenye orodha yangu ya karatasi faili lake halikuwemo, kwa sababu lilikuwa la juzi na orodha ilikuwa ya mwezi uliopita. Nakala za akiba Mzee alizihifadhi kwenye sidii kila mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa bado. Nilikuwa nimenakili kila kitu isipokuwa faili lake, kisha nikafuta kila kitu. Nikasema nikiwa natazama meza:

"Halipo, mayu."

Hakulia. Aliuliza tu, "Limekwenda wapi?" Nyuma yangu nilisikia kalamu ikiwekwa mezani.

Mratibu akaingia akihema. Gari la wageni limepita stendi, mashine zote zinaonyesha makosa, aibu gani hii. Akatoa dawa ambayo kila mtu huitoa: "Zimeni zote! Zimeni muwashe upya!" Mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi kubwa ya ukutani.

"Usizime!"

Miaka sita sikuwahi kumsikia Mzee akipaza sauti, na sikumsikia tena. Chai ilimwagika. Alivuka chumba, akasimama kati ya Mratibu na swichi, mfupi vile, akiangalia ukuta wa misumari badala ya kumwangalia bosi wake.

"Kibao cha nani kile Kasoli?"

Kilikuwa changu. Asubuhi, kabla ya usafi, nilikuwa nimelifungua faili la yule mama kulikagua, nikatundika kibao kwa mazoea, nikalishusha chini ya kioo na kusahau vyote viwili.

"Hukukitoa," akasema.

"Nilisahau, Mzee. Samahani."

"Usiniombe samahani, nisikilize. Uliyefuta ni wewe, kwa mashine hii hii?"

"Ndiyo."

"Na faili lilikuwa wazi kwenye mashine hii hii?" Akageukia lile dirisha lililoganda, ambalo sote tulikuwa tunalitukana. "Basi hilo ndilo lenyewe. Limeganda huku limeshika. Ukifuta faili ambalo umelishika mwenyewe, mashine haithubutu kulitupa. Inalificha pembeni kwa jina la ajabu mpaka ulifunge. Nimelisoma hilo. Ile folda iliyokataa kufutika iko wapi?"

Nikamwambia kuhusu Mengineyo, na sikuwahi kulionea haya jina kama siku ile.

"Ukizima mashine hii," akamwambia Mratibu taratibu, "kamba inaachiwa, na seva inamchinja ng'ombe hapo hapo."

Mratibu akatoa mkono kwenye swichi. Honi ikalia nje, wageni wamefika, naye akasimama katikati ya mlango asijue aende wapi. Namheshimu mpaka leo kwa alichochagua. Alitoka akawapeleka wageni kukagua bustani. Waliangalia mawe yaliyopakwa chokaa kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili.

Mzee aliketi mbele ya seva. "Twende mlangoni," akasema, na mimi nilitamani kumpigia kelele kwamba hakuna muda. Alishuka ngazi kwa ngazi, kwa vidole viwili, akitaja kila folda kwa sauti, na yule mama amesogea dirishani anasikiliza kama anayesomewa misa. Mengineyo. Folda ya zamani ya Kasoli. Kwa macho ya kawaida haina kitu. Akaiamuru mashine ionyeshe na vilivyofichwa. Likatokea jina moja refu, limeanza kwa nukta, herufi na namba zisizosomeka. Hakulifungua. Kwanza alilinakili kwa jina la mama yule, mahali pengine, kisha akanakili tena kwenye flopi. Faili lilienea kwa shida. Ndipo akafungua nakala. Mchoro, muhtasari, majina ya wazee, na chini kabisa dole gumba la shemeji, jeusi, limechapwa kwa nguvu.

Nililia mbele za watu, na sijutii. Mama wa Kasoli yeye alicheka, akapiga vigelegele ambavyo wageni bustanini walidhani ni vyao.

Tulichapisha nakala tatu. Nilikwenda naye mimi mwenyewe, kwa miguu, baraza lilikaa nyuma ya soko. Shemeji alipoonyeshwa dole lake alisema siku hizi mashine zinaweza kutengeneza chochote. Mwenyekiti akaomba wino, akamwambia abonyeze tena palepale, walinganishe. Shemeji alikiangalia kile kibweta cha wino, akaangalia wazee, akasema haina haja.

Jioni Mratibu aliuliza nani alifuta mafaili. Mzee alifungua kaunta buku akamwonyesha alichokwisha kuandika: tarehe, kosa, na mahali pa sababu neno moja, "Usafi." Nilijitaja mwenyewe kesho yake, maana usiku ule sikulala. Nilionywa kwa maandishi, na barua ile Mzee aliipa namba na kuifaili kama kawaida, bila kunionea haya.

Aliyenikasirikia ni yeye, na alinikasirikia siku kumi. Kufuta hakukumuuma. "Kufuta kila mtu anafuta," aliniambia. "Lakini mama yule alisimama pale na wewe ukamwambia halipo, na wewe ndiye ulikuwa umelishika." Siku ya kumi na moja aliniletea chai yenye vijiko vinne, nikajua yameisha. Yule mama alileta kiroba cha michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, baada ya mavuno. Mzee alimshukuru, wabeja, akaifungia kabatini pamoja na sukari.

Mradi uliisha, tukatawanyika. Mimi nilihamia Mwanza, nikaolewa, nikafundisha kompyuta. Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa, mjini ukipotea siku hizi hupotei peke yako. Mwaka jana nilisikia Mzee hana hali nzuri, ameanza kuwapoteza watu kichwani. Nilikodi bodaboda mpaka kwake Sapiwi.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, ungo wa karanga mapajani, anamenya. Alikuwa amekonda, suruali imepigwa pasi vile vile. Binti yake alinionya kabla sijakaa. "Hatakujua, dada. Mimi mwenyewe ananiita mama yake."

"Mwadila, Mzee."

"Mwadila, mayu." Akaniuliza ng'ombe, akaniuliza mvua, akaniuliza watoto, zote kwa mpangilio ule ule, na nilidhani binti amekosea. Kisha akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa adabu. Nikamtajia ofisi, seva, kabati la sukari. Kwa mlango ulioachwa wazi niliona sebule, na kile kibao kimoja bado kiko msumarini.

Basi nikaamua twende mlangoni. Nilimsimulia habari za ofisi moja ya mashamba, iliyokuwa na dirisha, na mama aliyesimama dirishani, na mzee fulani wa masjala. Sikuruka hata ngazi moja. Alisikiliza kama kisa cha ugenini, akicheka panapochekesha. Nilipofika kwenye swichi ya ukutani aliacha kumenya.

"Na shamba, yule mama alipata?"

"Alipata. Nimepita kwake leo. Wanawe ndio wanalima."

"Huyo mzee wenu alikuwa mkorofi."

"Sana. Na alikuwa anaficha sukari."

Alicheka mpaka akakohoa, binti akamletea maji. Alipotulia akaniuliza, kwa udadisi tu, kama anayeulizia jirani wa zamani, "Yuko wapi siku hizi?"

Binti aliinamisha uso. Mimi nilisikia lile neno linanijia mdomoni.

"Bado nimemshika, Mzee."

Mkono wake ukapanda usoni kuvua miwani ambayo hakuwa ameivaa.

"Basi usizime," akasema.

Nikamwambia sizimi. Akanisogezea ungo katikati yetu, tukaendelea kumenya karanga.